Wiki Mbili Alizonyamaza Bata

Nimestaafu nikiwa na miaka ishirini na saba. Chekeni tu, nimeshazoea. Mama mwenye nyumba wangu kule Buguruni alicheka mpaka akakalia ndoo. Lakini Bi Tatu, aliyenifundisha kazi, anasema mtu akiondoka kazini kwa heshima, akaagwa kwa pilau, huyo kastaafu, umri si hoja. Pilau niliipata, tena na kachumbari. Basi nimestaafu.

Naandika haya kwa ajili yenu mtakaoshika kibano baada yangu, pale ghorofa ya tatu, nyuma ya soko la Kariakoo. Vyeo sitavitaja kwa sababu sikuwa navyo. Nilianza kama mfagiaji, nikamaliza kama mfagiaji anayepima. Elimu yangu ni kidato cha nne, na matokeo yake tuyaache yapumzike. Lakini kwa miaka sita nimepima jinsi tando za mafuta zinavyoyeyuka, na nadhani mtaani kwetu niko peke yangu kwenye fani hiyo.

Siku ya kwanza nilifika na kanga kiunoni na fagio mkononi. Bi Tatu, mwanamke mfupi wa Gerezani mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alinitazama kuanzia kandambili mpaka mtandio.

"Chumba cha ndani ufagie taratibu," akasema. "Mheshimiwa yumo, na hapendi vumbi."

Nikavua kandambili. Nikabisha hodi. Kimya. Nikabisha tena, nikasukuma mlango kidogo, nikainama na kusema, "Shikamoo, mheshimiwa."

Ndani palikuwa na baridi ya AC, meza moja, na mashine nyeupe inayonguruma kama paka aliyeshiba. Mtu hakuna. Nikageuka, nikamkuta Bi Tatu ameshika ukuta kwa kucheka.

"Marahaba," akaitikia kwa niaba ya mashine. "Angalau una adabu. Wa kabla yako alimwekea kikombe cha chai kichwani."

Tangu siku hiyo nilimwamkia Mheshimiwa kila asubuhi. Nawashauri nanyi mfanye hivyo. Hakuna kinachobadilika, lakini siku inaanza vizuri.

Miezi mitatu nikafagia, wa nne Bi Tatu akaniita mezani. Akanieleza kwamba kila chembe hai ya mwili wako imevaa utando wa mafuta, mwembamba hata huwezi kuuwazia. Utando huo ukiwa baridi unakaa imara, ukipata joto unalegea. Nikamuuliza, unalegea ndiyo unamwagika? Akafikiri, akavua miwani.

"Sikiliza, Hawa. Asubuhi shuleni mlikuwa mnapanga mstari?"

"Ndiyo."

"Hapo utando umeganda. Kila mtu mahali pake, mikono chini. Sasa nenda Kariakoo wiki ya kuamkia Idi. Watu bado wamo sokoni, hakuna aliyetoka, lakini hakuna aliyesimama mahali pake. Hapo umeyeyuka. Sisi tunapima ni joto gani linaloubadilisha mstari wa shule kuwa Kariakoo."

Nilisoma miaka minne ya sekondari bila kuelewa kitu kama nilivyoelewa siku ile. Nikarudi nyumbani nikamweleza bibi yangu. Bibi akasema, "Na wanakulipa?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Usiwaambie watu."

Bosi wetu alikuwa Dokta Salma, mwanamke mpole anayetembea haraka na kusahau chakula chake kila mahali. Kuna mkate wake mmoja tuliukuta kwenye kabati la glovu, mkakamavu kabisa. Dokta alikuwa anatengeneza vipovu vidogo vya utando, na ndani ya kila kipovu anatia dawa ya vidonda vya moto. Unajua vyumba vyetu vya kupanga: jiko chini, uji juu, mtoto anatambaa. Dawa nzuri ya vidonda vile ilikuwepo, lakini ilitaka friji, na si kila nyumba ina friji. Dokta alitaka vipovu vitakavyokaa imara kwenye mfuko wa plastiki, juu ya kabati, katikati ya joto la Dar, visivuje. Kwa hiyo lazima utando wake uyeyuke mbali juu ya joto letu. Alikuwa ameutengeneza uyeyuke kwenye nyuzi arobaini na moja. Kazi yetu ilikuwa kuhakikisha, kila toleo la vipovu, wiki hadi wiki.

Kupima kwenyewe kuko hivi. Unachukua kisahani cha alumini, kidogo kuliko kifungo cha shati. Unakishika kwa kibano, maana ukikishika kwa vidole hukioni tena. Unapima unga wa mafuta kidogo kama ncha ya ukucha, unatia tone la maji, unafunika. Usipige chafya. Mimi nilipiga, wiki ya pili, na sampuli ya asubuhi nzima ikahamia kwenye nyusi za Bi Tatu. Nikachukua kitambaa.

"Usinifute," akasema. "Mimi sasa ni mali ya utafiti."

Baada ya kufunika unakipeleka kisahani kwa Bata. Bata ni ile mashine ndogo ya chuma yenye mpini. Unaweka kisahani mdomoni, unavuta mpini, kifuniko kinabanwa kisahani kisivuje. Tulimwita Bata kwa sababu kila ukivuta mpini alilia "kwee!", sauti ya kukera, iliyosikika mpaka ngazi ya chini kabisa. Wageni walidhani tunafuga.

Halafu kisahani kinaingia kwa Mheshimiwa, kikae pembeni ya kisahani kitupu cha kulinganishia, ambacho kilibanwa zamani na kinatumika kila siku. Mheshimiwa anavipoza vyote mpaka nyuzi kumi, kisha anavipasha polepole huku akichora mstari kwenye kompyuta. Utando ukiwa mstarini, mstari unakwenda bapa. Utando ukianza kuyeyuka unameza joto, na mstari unapanda na kushuka: kilima. Kilima kimoja, chembamba, kwenye arobaini na moja, hicho ndicho kilichomfanya Dokta akumbuke kula.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Bi Tatu alikuwa na desturi. Akishaswali adhuhuri, alilaza kichwa mezani chumba cha nje, mtandio juu ya uso, dakika kama ishirini. Wakati huo mimi nilikuwa nabana sampuli za mchana. Na kila Bata alipolia kwee, niliona kidole cha Bi Tatu kikiruka juu ya meza. Kwee, kidole. Kwee, kidole. Nikamhurumia. Mtu ana miaka karibu sitini, ana presha, anaibia usingizi kidogo, na mimi namshtua kwa bata wa chuma.

Kwenye mkoba nilikuwa na kichupa cha mafuta ya nazi. Bibi yangu anayakamua mwenyewe, na kwake yeye mafuta yale ni dawa ya nywele, ngozi, bawaba za mlango, kikohozi na roho mbaya. Nikamtilia Bata matone mawili kwenye goti la mpini. Nikavuta. Kimya! Bata akafunga mdomo kama bibi harusi. Nikabana sampuli kumi na mbili, na kidole cha Bi Tatu hakikuruka hata mara moja. Nikajisikia mtu mwema sana. Sikumwambia mtu, maana mama alinifundisha kwamba wema ukitangazwa unapungua thawabu.

Kila siku nikamwongezea tone.

Alasiri ya siku ile ya kwanza, Dokta akatoka chumba cha ndani na karatasi mkononi. Kilima cha arobaini na moja kilikuwepo, kizuri kama kawaida. Lakini chini yake, kwenye nyuzi ishirini na nne, palikuwa na kingine, kidogo, kama kichuguu kando ya mlima.

"Hiki kimetoka wapi?" akauliza.

Hakuna aliyejua. Akapima toleo lingine. Kichuguu. La mwezi uliopita, ambalo lilikuwa safi. Kichuguu. Akakaa juu ya ndoo yangu ya kudekia bila kujua kwamba ni ndoo.

Mnaelewa maana yake? Ikiwa sehemu ya utando inayeyuka kwenye ishirini na nne, basi kwa joto la Dar sehemu hiyo imeyeyuka siku zote. Vipovu vinavuja. Dawa inaharibika juu ya kabati la mtu. Na wafadhili walikuwa wanataka karatasi za mwisho Ijumaa ya wiki iliyofuata. Karatasi zikiwa safi, kazi inaendelea mpaka hospitali. Zikiwa na kichuguu, kazi inafungwa, na Mheshimiwa anarudishwa kwenye boksi lake alilokuja nalo.

Tukaanza kutafuta mchawi. Dokta akapima visahani viwili vitupu vya zamani: mstari bapa. Mheshimiwa hana kosa. Akafungua unga mpya: kichuguu. Akatia maji matupu bila unga: kichuguu! Basi maji ndiyo mchawi. Nikatumwa kuchukua maji yaliyosafishwa maduka matatu tofauti. Yote yalikuwa na kichuguu. Dokta akaanza kuyatazama maji ya kunywa kwa jicho baya. Mimi nikaosha visahani mpaka vikang'aa, nikavaa glovu mbili mbili. Bi Tatu akaja siku moja na chetezo, akafukiza ubani chumba kizima.

"Bi Tatu," Dokta akasema kwa upole wa mtu aliyechoka, "ubani nao una mafuta yake."

"Basi angalau kitanukia," Bi Tatu akajibu.

Lakini hata Bi Tatu hakuwa Bi Tatu. Alikuwa mkimya. Mchana alilaza kichwa lakini halali. Nilimwona anatazama kwa chini ya mtandio. Akiamka aliniuliza, "Umebana, Hawa?"

"Nimebana, Bi Tatu. Kumi na mbili."

"Zote?"

"Zote."

Anatikisa kichwa, anagusa sikio. Nikadhani ni huzuni ya kichuguu. Siku moja aliingia ananuka vitunguu saumu kuanzia shingo kwenda juu. Sikuuliza. Mtu mzima akinuka vitunguu ana sababu zake.

Alhamisi, siku moja kabla ya mwisho, Dokta aliandika barua. Niliiona wakati nafuta meza, sikukusudia. Ilisema utando haukufaulu, na vipovu vyote vya miezi minane vitamwagwa. Vyote vilikuwa kwenye chupa kumi na nne, nilizobandika lebo kwa mkono wangu, kwa mwandiko wangu bora. Nikashuka ngazi ili nikalie chini, huko juu kulia ni kuchafua sampuli.

Chini ya jengo letu kuna duka la nywele bandia na mafuta ya kichwa la Mama Ndeshi, mama wa Kichaga aliyezaliwa Marangu, mwenye sauti inayosikika mpaka kituo cha basi.

"We Hawa! Nani kafa?"

"Hakuna, shikamoo mama. Kuna kitu kinayeyuka huko juu hatukijui."

"Marahaba. Kinayeyuka kwenye moto?"

"Hapana. Kwenye nyuzi ishirini na nne. Chini ya hapo kimeganda, juu ya hapo maji."

Mama Ndeshi akaacha kuchana wigi. "Ishirini na nne ndiyo baridi ya kugandisha kitu kwenu? Kwetu hiyo tunavua sweta." Akacheka, akafikiri. "Mimi kitu kinachoganda kwa kabaridi ka namna hiyo nakijua kimoja tu. Mafuta ya nazi."

Nikafuta machozi kwa hasira. "Mama, mafuta ya nazi hayagandi."

"Nani kakuambia?"

"Nimezaliwa Buguruni! Bibi yangu anakamua! Nimepakwa tangu siku ya arobaini, sijawahi kuyaona yameganda."

"Kwa sababu huna baridi, mwanangu! Sisi shuleni Marangu, mwezi wa sita, asubuhi yanakuwa kama mshumaa. Unaweka chupa kwapani wakati wa sala ili ukimaliza upake nywele. Mwalimu anauliza, mbona mnasali mmejibana hivyo?"

"Haiwezekani."

"Haiwezekani?" Akachukua kichupa cha mafuta ya nazi rafuni, akafungua friji yake ya soda, akakichomeka katikati ya soda. "Kaa hapo."

Tukakaa. Akauza wigi mbili na kumtukana mpita njia mmoja kwa mapenzi. Halafu akafungua friji, akatoa kichupa, akakigeuza kichwa chini mbele ya macho yangu.

Hakikumwaga kitu. Ndani palikuwa peupe pe, kama samli.

Miaka ishirini na kitu nimeishi na mafuta yale, na siku hiyo ndiyo tulijuana. Nikafurahi sana kwa muda kama wa kupepesa jicho. Kisha nikamkumbuka Bata. Kila kisahani kilipita mdomoni mwake. Kila kisahani, isipokuwa vile vya zamani.

Ngazi za kwetu ni hamsini na moja. Nilizihesabu siku hiyo kwa sababu nilipanda moja moja. Na nitasema ukweli, kwa kuwa nimeshastaafu: kwenye ngazi ya ishirini hivi shetani alikaa pembeni yangu. Akaniambia, mfute Bata kwa spiriti kimya kimya. Kesho kichuguu hakipo, Dokta anafurahi, wewe una kazi yako. Wazo zuri kabisa. Lakini Dokta angeona kichuguu kimekuja bila sababu na kimeondoka bila sababu, na yeye si mtu wa kuandika karatasi ya namna hiyo. Zile chupa kumi na nne angezimwaga tu. Nikaendelea kupanda, kichupa kimenigandia mkononi.

Niliwakuta wote wawili chumba cha nje. Nikaweka kichupa mezani. Kilikuwa kimeanza kuyeyuka pembeni.

"Dokta, hiki ndicho kichuguu. Ni mafuta ya nazi. Nilimtilia Bata mimi."

"Ulimtilia nani?"

"Bata. Ili asilie. Bi Tatu alikuwa anashtuka usingizini, nikamwonea huruma. Naomba mnisamehe, chupa msizimwage."

Dokta alichukua tone la yale mafuta, akalitia kwenye kisahani, akakipeleka ndani. Tulisimama nyuma yake watatu pamoja na Mama Ndeshi, aliyekuwa ameacha duka wazi na kunifuata kuja kuona. Mstari ukaenda bapa, bapa, ukafika ishirini na nne, ukapanda. Kilima kilekile, ila safari hii kirefu, kimeshiba.

"Nilisoma kitabuni kwamba yanaganda," Dokta akasema taratibu. "Nilijibu mpaka kwenye mtihani. Na sikuyakumbuka, kwa sababu sijawahi kuyaona."

"Kwa sababu hamna baridi," Mama Ndeshi akasema.

Nikamgeukia Bi Tatu nipokee matusi yangu. Alikuwa amekaa chini, mikono kichwani.

"Hawa. Kumbe Bata ndiye aliyenyamaza?"

"Ndiyo, Bi Tatu."

"Si masikio yangu?"

"Masikio yako yamefanyaje?"

Akavua miwani. Akafungua mkoba, akatoa chupa ya mafuta yaliyochemshwa na vitunguu saumu, na bahasha. Ile bahasha ilikuwa na barua ya kuacha kazi.

"Miaka yote nasinzia huku nakuhesabia," akasema. "Kwee moja, kidole kimoja. Zikitimia kumi na mbili ndiyo nalala kweli. Sasa nakuona unavuta mpini, sisikii kitu. Nikajua ndiyo basi, nimekuwa kiziwi. Wiki mbili najitilia vitunguu masikioni! Mume wangu kahamia sebuleni!"

Akavua kanga begani, akanichapa nayo mara tatu, ya nne akanifunika nayo na kunikumbatia. Alinuka sana. Sikujali.

Tulimsafisha Bata kwa spiriti, goti, mdomo na mpini, mara tano. Dokta akaniamuru nibane kisahani kipya. Nikavuta.

"Kwee!"

"Moja," akasema Bi Tatu, macho amefumba.

Tulibana sampuli za chupa zote kumi na nne. Mheshimiwa alifanya kazi mpaka Ijumaa asubuhi, na kila karatasi ilitoka na kilima kimoja, chembamba, kwenye arobaini na moja. Zilitumwa kabla ya swala ya Ijumaa. Dokta aliambatanisha na karatasi chafu pia, na akaandika kwa nini. Aliniuliza aniandike nani. Nikamwambia andika "mfagiaji". Akaandika "msaidizi wa upimaji", nikasoma mara tisa.

Dawa bado haijafika madukani. Mambo ya dawa yana ngazi nyingi kuliko za kwetu. Lakini sasa inajaribiwa hospitali, na Mheshimiwa yupo, boksi lake analalia paka wa mlinzi.

Nilikaa miaka mitatu zaidi. Nimeondoka kwa sababu nina ndoto, na ndoto yangu ni lambalamba. Nataka lambalamba ya ubuyu itakayotoka Kariakoo saa saba mchana na kufika Buguruni bado imesimama kwenye kijiti chake. Msicheke, kuyeyuka ndiyo fani yangu. Mpaka sasa inafika Ilala.

Nimewaachia kibano changu kwenye droo ya kushoto. Mafuta ya nazi acheni nyumbani. Na mchana, Bi Tatu akiwa amelaza kichwa, Bata akilia, mwacheni alie. Kuna mtu anahesabu.